Popoo na kidonge: barua kwa mwanangu

Mwanangu Salma,

Salamu zako nimezipata, na huku nyumbani sote hatujambo. Umeniuliza hivi: "Mama, kama umbo la kipokezi cha ubongo limeshapigwa picha hadi chembe mojamoja, kwa nini wakemia wasichonge molekuli inayokaa hapo tu, kazi ikaisha?" Ukaongeza kwamba molekuli ya maabara yenu inashika kipokezi kwa Ki (kipimo cha mshiko: kikiwa kidogo, mshiko ni imara) ya nanomola 3, na unadhani safari imefika nusu.

Bado hamjatoka nyumbani. Mfano wa kufuli (kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe) na ufunguo (molekuli) mliofundishwa si wa uongo, ila haukuambii kwamba kufuli lilelile limetundikwa kwenye milango mingi mwilini. Nitakueleza kwa dawa moja ambayo asili yake unaijua tangu utotoni: popoo la tambuu.

Ndani ya popoo mna arekolini, molekuli ndogo yenye uzito wa 155. Mtafunaji hujaa mate, hutoka jasho, na akili humchangamka. Ni kwa sababu arekolini hujifanya asetilikolini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe wa neva, mbele ya vipokezi vyake viitwavyo vya muskarini. Vipokezi hivyo ni vya aina tano, M1 hadi M5. Wanaotafuta dawa ya skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, wanavitaka M1 na M4, ambavyo vimejaa ubongoni. M2 hupunguza mwendo wa moyo. M3 hukamua tezi za mate na jasho, huminya utumbo na kibofu. Na kile kishimo ambamo asetilikolini hukaa kinakaribia kufanana kabisa katika aina zote tano, maana ni asetilikolini ileile inayoviamsha vyote. Kwa hiyo ile picha yako haikusaidii sana hapo. Utapiga picha tano, uone vishimo vitano vya ndugu wa tumbo moja.

Arekolini ina kasoro nyingine: ni esta, yaani ina kiungo cha asidi na alkoholi kinachokatika kwa urahisi. Vimeng'enya vya mwili huikata upesi, na hata chokaa ya tambuu huanza kuikata mdomoni, ikawa arekaidini. (Usinielewe kwamba nasifia tambuu. Popoo lenyewe, hata bila tumbaku, ni kisababishi cha saratani kilichothibitishwa.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakemia wa Novo Nordisk ya Denmark, wakishirikiana na Eli Lilly ya Marekani, waliing'oa ile esta na kupachika pete ya thiadiazoli: kona tano, mbili kaboni, mbili naitrojeni, moja salfa. Pete hiyo inaweka elektroni mahali palepale esta ilipoziweka, lakini vimeng'enya vya kukata esta havina pa kung'ata. Kisha wakachezea mnyororo wa alkoksi (kaboni zilizoshikwa kwa oksijeni) unaoning'inia kwenye pete. Wenye kaboni nne hadi nane ndio uliofanya kazi vizuri, na wakachagua sita. Hiyo ndiyo zanomelini, uzito 281.

Kuitengeneza si kugumu kwa mkemia aliyezoea. Unaanza na aldehidi ya piridini, unaipatia sianidi na amonia, kisha dikloridi ya disalfa hufunga pete ya thiadiazoli na kuacha klorini moja juu yake. Heksanoli iliyogeuzwa chumvi ya sodiamu huifukuza klorini hiyo. Iodidi ya methili huweka methili kwenye naitrojeni ya piridini, na mwisho borohidridi ya sodiamu huongeza haidrojeni kwenye sehemu ya pete hiyo ya piridini, ikabaki na kifungo maradufu kimoja. Hatari zake ni zilezile za siku zote: sianidi isikutane na asidi hata kidogo, na borohidridi itiwe kidogokidogo kwenye barafu, kwani ukiimwaga kwa pupa haidrojeni hufurika.

Ugumu unaanza kwenye kupima. Mnatumia utando wa seli za CHO (seli za maabara za ovari ya hamsta) zilizopandikizwa aina moja ya kipokezi, na metiliskopolamini yenye tritiamu, haidrojeni yenye mnururisho, kama kiashiria cha kushindana na dawa yenu. Sawa. Mnaanza na akiba ya milimola 10 ndani ya kiyeyushi cha DMSO, mnaizimua mara tatu kila hatua, hatua kumi. Sawa pia, lakini angalia haya. DMSO hunyonya unyevu wa hewa kila mnapofungua kichupa, na dawa inayopenda mafuta huanza kuganda chini bila kuonekana. Mnachokiita mikromola 10 kinaweza kuwa 2. Mkunjo wa grafu ukisimama wima kuliko kawaida, shuku mgando kabla ya kushangilia. Kiashiria kilichoshikwa kisipite asilimia 10 ya mlichotia, la sivyo hesabu ya Ki inaharibika kwa sababu kiashiria huru kimepungua. Na subirini hadi mizani ya kushika na kuachia itulie. Molekuli inayoachia polepole ikipimwa baada ya dakika 30 huonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Kosa linalowakamata wengi ni jingine. Seli iliyosongwa vipokezi kupita kiasi humfanya kila dhaifu aonekane shujaa. Ukiamsha kipokezi kimoja kati ya hamsini, seli tayari imejibu kwa nguvu zake zote, hivyo kiamshi nusu kinasomeka kama kiamshi kamili. Peleka molekuli hiyohiyo ubongoni, ambako vipokezi ni vichache, utaona haisukumi kitu. Punguza vipokezi kwenye seli, kisha rudia kipimo. Zanomelini yenyewe ni somo zuri hapa: kwenye kushika, aina zote tano inazishika karibu sawa. Ni kwenye kuamsha ndipo inapoegemea M1 na M4. Mtu aliyepima kushika peke yake angeitupa.

Sasa mlango wa kuingia ubongoni. Seli za vishipa vya ubongo zimeshonwa pamoja bila upenyo, kwa hiyo dawa lazima ipite ndani ya utando wenyewe. Vipimo vya kukadiria unavijua: uzito chini ya 450 hivi, eneo la polari lisizidi angstromu za mraba 90, logP (kipimo cha kupenda mafuta) kati ya 2 na 4, watoaji wa vifungo vya haidrojeni wachache, na kama ni besi, pKa (kipimo cha nguvu ya besi) isipite 10. Ukizidisha mafuta ili ipenye, besi yako itaanza kuupenda mfereji wa potasiamu wa moyo, hERG. Terfenadini iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998 kwa kuvuruga mapigo ya moyo kwa njia hiyo. Halafu kuna pampu ya P-gp, inayotapika nje kilichoingia. Loperamidi ya kuharisha ni ndugu wa mofini kwa kipokezi chake, lakini haimlevyi mtu kwa kipimo cha kawaida kwa sababu pampu inaifukuza. Piriton inakulaza na setirizini haikulazi sana. Zote zinaziba kipokezi kilekile cha histamini, ila moja inaingia ubongoni na nyingine kwa sehemu kubwa inabaki nje.

Msidanganywe na kile kipimo cha kusaga ubongo wa panya na kulinganisha na damu. Dawa ya mafuta hujibanza kwenye mafuta ya ubongo, na iliyojibanza haigusi kipokezi. Kinachohesabika ni dawa huru: huru ya ubongo ikigawanywa kwa huru ya damu. Ikikaribia 1, inapita vizuri. Ikiwa 0.05, pampu imewashinda, hata kama ubongo wote umejaa dawa.

Zanomelini ilipita mlango. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, wagonjwa 343 wa Alzheimer waliipokea kwa miezi sita, wengine wakipewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Maono na fadhaa vilipungua. Lakini kati ya waliopewa miligramu 225 kwa siku, asilimia 52 waliacha kwa sababu ya madhara: kutapika, jasho, kuzirai. Yaleyale ya mtafuna tambuu, mara kumi. Dawa ikawekwa kabatini kwa miaka mingi.

Aliyeitoa kabatini hakugusa molekuli hata kidogo, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Kampuni ya Karuna Therapeutics iliifungasha pamoja na trospiamu, dawa ya zamani ya kibofu. Trospiamu inaziba vipokezi vyote vya muskarini, ila naitrojeni yake ina matawi manne na chaji ya kudumu, kwa hiyo haivuki kuingia ubongoni. Nje ya ubongo trospiamu inaziba, ndani zanomelini inaamsha bila mpinzani. Uteuzi, yaani kugusa panapotakiwa tu, ambao kishimo kilikataa kuutoa, ukuta wa ubongo uliutoa.

Jaribio la wagonjwa 182 kwa wiki tano lilionyesha alama za PANSS (kipimo cha ukali wa dalili za skizofrenia) zikishuka 17.4 kwa waliopewa dawa na 5.9 kwa waliopewa kidonge kitupu. Marekani iliidhinisha mwezi Septemba 2024 kwa jina la Cobenfy. Huanzwa na miligramu 50 za zanomelini na 20 za trospiamu mara mbili kwa siku, angalau siku mbili. Kisha 100 na 20, angalau siku tano. Kilele ni 125 na 30. Humezwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baadaye, kwani chakula hupunguza sana kiasi cha trospiamu kinachoingia mwilini, na zanomelini ikibaki peke yake kichefuchefu kinarudi. Haina raha zote: wengine hufunga choo, wengine hushindwa kukojoa vizuri, na ini na mapigo ya moyo lazima yafuatiliwe.

Na ile molekuli unayoiota wewe, inayogusa kipokezi kimoja tu? Ilitengenezwa. Emraklidini haikai kwenye kishimo cha asetilikolini bali pembeni, mahali ambapo M4 inatofautiana na ndugu zake, na huko ina uteuzi wa kupendeza. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya AbbVie ilitangaza kwamba katika majaribio mawili haikukishinda kidonge kitupu. Wako wanaosema M1 nayo inahitajika, na wako wanaolaumu kikundi cha kidonge kitupu kilichopata nafuu kupita kiasi. Mimi naegemea kwa wa kwanza, ila nisingeweka mshahara wangu hapo.

Kwa hiyo nanomola zako 3 ziache kwanza. Mwombe msimamizi akuruhusu kupima uwiano wa pampu kwenye seli za MDCK (seli za figo ya mbwa) zenye P-gp, pande zote mbili, pamoja na kizuia pampu kwenye kundi la pili. Ukizidi 2.5 na kizuia kikaurudisha karibu na 1, mnayo pampu ya kushughulikia, na pa kuanzia ni kuficha au kuondoa mtoaji mmoja wa kifungo cha haidrojeni. Pima pia umumunyifu kwenye bafa (mmumunyo wa maji wenye pH isiyobadilika) ya pH 7.4, si ndani ya DMSO. Matokeo yakitoka nitumie namba ghafi, usinitumie grafu.

Mama yako