Jibu: General Tyre ya Arusha ilikuwa ya Wajerumani au Wamarekani?

Habari ndugu. Umekwama kwenye jambo moja: tairi ulilolikuta stoo lina jina la General na limetengenezwa Arusha, lakini wengine wanakuambia mbia wa kiwanda alikuwa Continental wa Ujerumani na wengine wanasisitiza ni Wamarekani. Wote wana haki, kwa kuwa wanazungumzia miaka tofauti.

General Tire ilianzishwa mwaka 1915 mjini Akron, Ohio, mji ambao Goodyear na Firestone nao walizaliwa, na ilibaki mikononi mwa Wamarekani hadi Continental ilipoinunua mwaka 1987. Kiwanda cha Arusha, ambacho General Tire ilikuwa mbia wake, kilikuwepo kabla ya mauzo hayo. Ndiyo maana baadaye Wajerumani walijikuta na asilimia 26 ya hisa, huku Serikali ya Tanzania ikiwa na 74, bila wao kuwa waanzilishi.

Kwa hiyo anza na umri wa tairi lenyewe. Futa ubavu kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke, kisha sugua chaki juu ya maandishi. Ndivyo ninavyofanya gereji herufi zinapokuwa zimefifia. Kama kuna namba ya tarehe yenye tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kuanzia 2000. Ikiwa ni tatu, tairi ni la kabla ya hapo, na tarakimu ya mwisho pekee haikutajii muongo. Kwa umri wake, usilifunge kwenye gari, hata kama kashata (meno ya tairi yanayogusa barabara) bado ni nzima.