Braza, masikio yako yanavuja

Mwaka juzi nilinunua hedifoni sita za masikioni, zote za shilingi 5,000, zile zinazotandazwa chini Kariakoo. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Wiki ya sita au ya saba sikio moja linakata. Unaukunja waya pale shingoni mwa pini, ile inayochomekwa kwenye simu, linarudi, basi unaishi hivyo hivyo umeushikilia waya kama unamtafutia mtu mawimbi ya redio, mpaka siku linakata jumla. Kupiga hesabu nikakuta 30,000 imeshakwenda, na droo imejaa nyaya.

Nikasema liwalo na liwe, safari hii natoa 28,000 kwa mkupuo. Nikanunua dukani, na boksi na risiti juu. Kufika nyumbani navaa, nasikia sauti nyembamba kama redio iliyoishiwa betri. Besi hakuna kabisa. Kesho yake nikarudi na hasira zangu zote. Kijana wa dukani wala hakubishana. Alinitazama masikioni, akavua vile vimpira vya silikoni, akafungua kifuko kilichokuwa kwenye boksi ambacho mimi sikuwa nimekigusa, akavisha vikubwa.

"Jaribu sasa, braza. Masikio yako yalikuwa yanavuja."

Besi ikaingia mpaka nikaona aibu.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, anza na vimpira, sauti baadaye. Besi inataka tundu la sikio lizibwe. Hewa ikipata upenyo, besi ndiyo ya kwanza kutoroka. Ndani ya boksi mara nyingi kuna saizi tatu. Jaribu zote, na usishangae masikio yakitofautiana: mimi kulia navaa kikubwa, kushoto cha kati. Kikikaa sawasawa, ukiongea unasikia sauti yako kama umeinamia mtungi, na kelele za nje zinapungua kabla hata hujawasha muziki.

Hizo kelele si jambo dogo. Kwenye daladala ya Mbagala una injini, konda na redio ya dereva kwa pamoja. Hedifoni ikivuja utapandisha sauti ili uwashinde wote watatu, na anayeumia ni wewe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akisikiliza kwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) asizidishe saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, saa hizo zinashuka kuwa 4 tu. Nenda na rudi ya siku mbili za foleni ya Dar inazimaliza. (Ukishuka kuvuka barabara, vua. Bodaboda hapigi honi mara mbili.)

Ukishapata za kuziba, angalia waya, hasa shingoni mwa pini, maana ndipo zangu zote sita zilipofia. Pawe na mpira laini unaopinda, pasiwe pakavu. Pini iliyokunjwa kona hudumu zaidi kwa sisi tunaoweka simu mfukoni. Siku hizi kuna hedifoni za Kichina za bei ya kawaida, KZ kwa mfano, ambazo waya wake unachomoka kwenye kila sikio: waya ukifa, unanunua waya, spika zinabaki. Nyingine huuzwa zikiwa na maiki na nyingine bila, kwa hiyo tazama pini. Ikiwa na mistari mitatu ya kuzunguka, kwa kawaida maiki ipo. Ikiwa miwili, ni ya kusikilizia tu. Na kabla ya yote kagua simu yako kama bado ina lile tundu la duara. Nimeshamwona mtu analipa halafu ndiyo anageuza simu.

Maandishi ya boksi yapite. Karibu kila boksi litakuambia hezi 20 hadi 20,000, kutoka sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa, yaani kiwango kile kile tunachotajiwa cha masikio ya binadamu, na hata zangu za 5,000 ziliandikwa hivyo. Pima kwa wimbo wako, kwenye simu yako. Wa dukani umechaguliwa kwa sababu besi yake inaficha madhambi. Mimi nabeba taarabu ya Unguja, ile ya okestra: fidla zimejaa, akodioni inapita, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, iko nyuma inadondosha nyuzi moja moja. Kanuni ikizama ndani ya fidla, narudisha hedifoni mezani. Kwenye zile za 28,000 naisikia mpaka uzi wake unapodonolewa.

Za bluetooth sizikatai, ila kwa hela ndogo sizinunui. Betri zake ni punje, zikichoka hakuna fundi wa kuzibadilisha, na mpwa wangu ya kushoto ilimdondokea kwenye bajaji mwezi wa pili tu.

Sikio moja likianza kufifia taratibu bila kukatakata, usitupe. Mara nyingi ni nta imeziba kile kiwavu kidogo kwenye tundu la kutolea sauti. Vua kimpira, elekeza tundu chini, sugua polepole kwa mswaki mkavu.

Kuna maduka hayaruhusu kujaribu, na siwalaumu, nani anataka nta ya mwenzake? Ndiyo maana nina vimpira vyangu viwili, kikubwa na cha kati, nimevifunga kwenye karatasi ya Panadol ndani ya pochi. Nikivitoa, muuzaji hucheka kwanza, halafu anafungua boksi.