Wachau kwa miguu, bila gari na bila kunywa: jibu langu

Mkuu, umeuliza kama bonde la mvinyo la Wachau kule Austria linamfaa mtu asiyekunywa, anayefuata milima tu, mwenye siku mbili na asiye na gari, akitokea Vienna. Linamfaa sana. Nadhani hata asiyekunywa ana nafuu, maana miteremko ya kule haimhurumii mtu aliyeonja glasi tatu saa sita mchana. Naishi Vienna na njia hizo nimezipita majira tofauti ya mwaka, kwa hiyo naongelea ninachokijua.

Sharti langu ni moja: usitembee kando ya mto. Wageni wengi wakishuka Krems hufuata ukingo wa Danube kwa sababu kwenye ramani unaonekana rahisi. Ni rahisi kweli, ila hiyo ni njia ya baiskeli, lami tupu, magari yako pembeni na kengele zinakulilia mgongoni kutwa nzima. Wachau yenyewe iko juu, kwenye matuta ya mizabibu na kwenye msitu unaoanzia pale matuta yanapoishia. Bonde lina urefu wa takriban kilomita 36 kutoka Melk hadi Krems, na tangu mwaka 2000 limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuna njia inaitwa Welterbesteig inayolizunguka pande zote mbili za mto: kilomita 180, imegawanywa sehemu 14, alama zake zinasomeka vizuri. Huna haja ya kuimaliza. Chagua sehemu zinazopanda.

Namba zisikudanganye. Mto uko kama mita 200 juu ya usawa wa bahari, vilele vya jirani ni mita mia tano na kitu, na Jauerling, mlima mkubwa wa pale, ni mita 960. Watu wanaona hivyo wanavaa raba za mjini. Kinachochosha ni kwamba njia inakupandisha mita mia tatu, inakushusha hadi mlangoni mwa kijiji, halafu inakupandisha tena. Magoti ndiyo yanayolipa. Beba fimbo mbili kama unazo, na viatu vyenye soli inayoshika mwamba.

Jambo la pili ni joto. Matuta ya ukingo wa kaskazini yanatazama kusini, hayana kivuli, na kila tuta limeshikwa na ukuta wa mawe. Ukuta unanyonya jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, wakati huohuo hewa baridi inateremka kutoka nyanda za msitu za Waldviertel. Joto la mchana na baridi ya usiku ndivyo vinavyowafurahisha wakulima wa pale, kwa sababu zabibu zinaiva bila kupoteza uchachu wake. Wewe mtembeaji unapata tanuri la mawe saa nane mchana mwezi wa Julai. Anza saa moja asubuhi, na maji yasipungue lita mbili. Juu kwenye matuta hakuna mahali pa kununua kitu.

Hizo kuta zitazame vizuri, hata kama kilimo hakikuhusu. Zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji, na si kwa umaskini. Mvua ikinyesha, maji yanapenya katikati ya mawe na kutoka. Ungeziba kwa saruji, maji yangejaa nyuma ya ukuta mpaka yausukume chini. Kwa hiyo kila baada ya majira ya baridi utakuta mahali ukuta umetoka tumbo au umebomoka, na mtu yuko pale anaupanga upya kwa mkono. Trekta kubwa haliingii kwenye matuta ya namna hiyo. Nyufa za mawe zina wakazi wake pia: mijusi wa kijani kibichi wanaoota jua. Wakulima wa pale wamewapa heshima ya ajabu, mvinyo wao wa daraja la juu unaitwa Smaragd kwa sababu ya mjusi huyo. Usipande wala kukaa juu ya ukuta, na zabibu usichume hata moja. Ni mali ya mtu, na nyingi zimepuliziwa dawa.

Sasa siku yenyewe ya kwanza. Panda treni asubuhi kutoka kituo cha Franz-Josefs-Bahnhof hadi Krems, safari ya saa moja na kidogo, kisha basi namba 715 hadi mji wa Dürnstein. Fika mapema. Ikifika saa nne meli za watalii zinaanza kumwaga watu na kile kichochoro kimoja cha mji hakipitiki. Mnara wa kanisa wa rangi ya buluu na nyeupe utauona tu, hata usipoutafuta. Wewe nenda moja kwa moja kwenye njia ya magofu ya ngome, ni kama nusu saa ya kupanda.

Kwenye ngome hiyo alifungwa Richard Moyo wa Simba, mfalme wa Uingereza. Alikuwa anarudi kutoka Vita vya Msalaba, akapita Austria kwa kujificha, akakamatwa karibu na Vienna Desemba 1192. Mtawala wa Austria, Leopold wa Tano, alikuwa na kinyongo naye tangu vitani kwenye mji wa Akka kule Palestina, ambako bendera yake ilishushwa ukutani na watu wa Richard. Baadaye Richard alikabidhiwa kwa kaizari Heinrich wa Sita, akaachiwa mwanzoni mwa 1194 baada ya Waingereza kukamuliwa fedha nyingi ajabu. Leopold naye alipata mgawo wake, na sehemu yake iliingia kwenye ujenzi wa mji mpya wa Wiener Neustadt. Ngome ililipuliwa na Waswidi mwaka 1645, kwa hiyo leo ni kuta zilizovunjika na upepo. Lakini kutoka pale ndipo utaelewa bonde zima: mto unavyokata kona, kijiji cha Rossatz ng'ambo, na matuta yanavyopanda mpaka yanaposhindwa na mwamba.

Wengi wanageukia hapo. Usigeuke. Njia inaendelea kupanda kupitia miamba na misonobari hadi Fesslhütte, kibanda cha kupumzikia msituni, kisha inateremka taratibu hadi Weissenkirchen. Mwenye miguu imara na asiyeogopa kimo anaweza kupandia Vogelbergsteig badala ya njia ya ngome: njia nyembamba ya mwamba, sehemu nyingine zina nyaya za kushika. Inakufikisha Vogelberg, mita 546. Ipande, usiishukie, na mvua ikiwa imenyesha iache kabisa, mwamba wake unateleza. Watoto wadogo usiwapeleke huko. Lala Weissenkirchen au Spitz. Spitz kuna kilima cha mizabibu katikati ya mji kinaitwa Tausendeimerberg, mlima wa ndoo elfu, kwa kuwa mwaka mzuri kilisemwa kutoa kiasi hicho cha mvinyo.

Siku ya pili vuka mto. Hiki kivuko cha Spitz kinanifurahisha kuliko majumba yote ya bonde hilo. Hakiendeshwi na injini. Kimefungwa kwenye waya uliovutwa kutoka ukingo hadi ukingo juu ya maji; nahodha anakiweka upande kidogo, mkondo unakisukuma, na kinafika ng'ambo bila kelele yoyote. Kinawezekana kwa sababu Danube ya hapa bado inatiririka yenyewe. Kwa upande wa Austria mto umezibwa na mabwawa ya umeme karibu kila mahali. Vipande vilivyobaki huru ni viwili, hiki na kile cha mashariki ya Vienna. Na hapa pia paliwahi kupangiwa bwawa, wenyeji wakakataa. Mto ukijaa kivuko hakifanyi kazi, kwa hiyo baada ya mvua kubwa ulizia kwanza.

Ng'ambo ni Arnsdorf, upande wenye kivuli. Msitu mwingi, mizabibu michache, miti mingi ya aprikoti. Unapanda hadi Maria Langegg, penye kanisa la mahujaji, halafu njia inakufikisha magofu ya Aggstein, kama mita 300 juu ya mto. Karne ya 15 ngome hiyo ilikuwa mikononi mwa Scheck vom Wald, aliyekuwa na haki ya kutoza ushuru wa vyombo vya mtoni na anayekumbukwa kama mnyang'anyi. Wanasimulia kwamba mateka wake aliwatoa kwenye ukingo mwembamba wa genge uitwao bustani ya waridi, wachague kufa njaa au kujirusha. Kuingia ngomeni kuna kiingilio. Ukishuka barabarani, mabasi ya ukingo wa kusini ni machache kuliko ya kaskazini, hasa wikendi, kwa hiyo ratiba iangalie ukiwa bado juu.

Kuhusu chakula: ukiona kifungu cha matawi kimetundikwa mlangoni, mkulima yule amefungua nyumba yake kuuza mvinyo na chakula, karibu ndani. Nyumba hizo ndizo Heuriger, na uhuru wa wakulima kuuza mazao yao nyumbani ulitolewa na kaizari Joseph wa Pili mwaka 1784. Hakuna atakayekushangaa usipokunywa. Agiza juisi ya zabibu iliyochanganywa na maji ya soda, inakata kiu kuliko bia. Nyama zao karibu zote ni za nguruwe, hata kile cha kupaka mkate kinaweza kuwa mafuta ya nguruwe, hivyo asiyekula aulize na aombe jibini, mayai au mboga. Msimu wa mavuno utasikia neno Sturm. Ni juisi inayoendelea kuchacha, tamu, ina kilevi, isikupitie kama juisi.

Kupe wapo kwenye nyasi na vichaka kuanzia majira ya kuchipua, na Austria wanabeba ugonjwa wa homa ya ubongo. Ugonjwa huo una chanjo, na inahitaji zaidi ya sindano moja, kwa hiyo anza mapema. Jioni jikague nyuma ya magoti na kinenani. Namba ya uokoaji wa milimani ni 140.

Wakati mzuri? Maua ya aprikoti hutoka mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Aprili kutegemea baridi ya mwaka huo, lakini vyumba hujaa. Mimi ningechagua Oktoba katikati ya juma: majani ya mizabibu yamegeuka manjano, jua halichomi, na wakulima wako matutani wanavuna. Baruti za kufukuza ndege zitakushtua mara mbili tatu, utazizoea. Ila siku ni fupi, na vivuko hufunga mapema kuliko kiangazi.

Ukibakiwa na saa moja kabla ya treni ya kurudi, shuka Willendorf. Sanamu ndogo ya mwanamke iliyopatikana pale 1908, wakati reli ya bondeni inajengwa, ina kimo cha sentimita 11 tu na iko kwenye makumbusho ya historia asilia Vienna. Pale kijijini kuna nakala.