Kwa mnaoanza nadharia ya namba: kaeni kwanza na 1001

Ninyi mnaoanza kusoma nadharia ya namba mtakutana mapema na kanuni nyingi za kugawanyika, na wengi wenu mtavutiwa kuzikariri. Nami nilizikariri. Katika jaribio langu la kwanza nilipanga tarakimu katika makundi ya tatu tatu kuanzia kushoto badala ya kulia, nikakosa swali lote, kwa sababu sikujua kanuni ile, ya kupima kama namba inagawanyika kwa 7, 11 au 13, imetoka wapi. Ilikuwa imetoka katika namba moja tu, nayo ni 1001.

Kwa kuitazama haraka, 1001 hufanana na namba tasa: ni witiri, haiishii kwa 5, na jumla ya tarakimu zake ni 2, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Hata hivyo ni zao la namba tasa tatu zinazofuatana, 7 × 11 × 13. Kwa kuwa 1000 ni 1001 kasoro 1, kundi la maelfu hutolewa kutoka kundi la mamoja, na kinachobaki hupimwa kwa 7, 11 au 13 badala ya namba yote. Na kwa kuwa 1,000,000 ni 999 × 1001 ukiongeza 1, kundi la mamilioni hujumlishwa. Chukueni 458,913. Tofauti ya 913 na 458 ni 455, ambayo ni 5 × 7 × 13, basi namba yote inagawanyika kwa 7 na kwa 13, lakini ukiigawanya kwa 11 inabakiza 4, sawasawa na 455 yenyewe. Anayefahamu sababu hii hawezi kuanzia kushoto, kwa maana makundi yanahesabiwa kutoka kwenye mamoja.

Nawasihi msiishie hapo, kwa sababu sehemu inayonivutia zaidi iko katika desimali. Zao la 999 na 1001 ni 999,999, na 1001 ukiigawanya kwa 7 unapata 143. Kwa hiyo 999,999 ikigawanywa kwa 7 ni 999 × 143, yaani 142,857, na hizo ndizo tarakimu zinazojirudia bila kikomo katika moja ya saba, 0.142857142857… Kwa 13 fanyeni vivyo hivyo: 999 × 77 ni 76,923, na moja ya kumi na tatu ni 0.076923076923… Jumlisheni nusu mbili za kila mzunguko, 142 na 857, kisha 076 na 923. Mara zote mtapata 999. Mimi nilitumia jioni nzima kuthibitisha kwamba hilo si bahati, na jioni ile ilinifaa kuliko majuma mengi ya kukariri.

Mkishaielewa 1001, jaribuni 10,001, ambayo ni 73 × 137. Safari hii pangeni makundi ya tarakimu nne nne, na muanzie kulia.