Nyimbo mpya za drum and bass: kazi ya kufanya kati ya Ijumaa na Jumamosi

Dijei anayeanza drum and bass, muziki wa dansi wa ngoma za kasi na besi nzito, hukosea kwanza kwa kudhani kazi yake ni kuwa na nyimbo nyingi mpya. Ijumaa anashusha 40, Jumamosi anapanda nazo jukwaani Raskazone hapa Tanga, na kwa kuwa hajui hata mmoja unafunguka wapi, kila anapounganisha anabahatisha. Nyimbo 5 kwa wiki zinatosha, mradi uzijue kama unavyoijua njia ya kutoka Ngamiani kwenda sokoni. Ukishazidisha 8 kwa wiki, jiulize kama bado unasikiliza au unajaza diski tu.

Tuanze na zinakotoka. Muziki huu ulizaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukiwa umetokana na jungle, muziki wa dansi ulioutangulia, na hadi leo nyimbo nyingi huja kupitia lebo, yaani kampuni za kutoa muziki, ndogo ndogo ambazo kila moja ina sauti yake. Hospital Records ya London, iliyoanza 1996, inajulikana kwa mtindo wa liquid: vinanda, waimbaji, besi laini. Metalheadz ya 1994 ina giza na ngoma zilizokatwakatwa. Eatbrain ya Hungary iko upande wa neurofunk, ambako besi inasokotwa mpaka inakuwa kama mashine ya kusaga. Chagua lebo 5 zinazokugusa kweli, uzifuate mwaka mzima. Mtu anayefuata lebo 50 anaishia kuchukua kile kilichopangwa juu kwenye chati, na hicho kila dijei anacho.

Siku ya kutoka nyimbo ni Ijumaa. Ndivyo ilivyokubaliwa kimataifa tangu Julai 2015. Saa 6 usiku ya London kwetu Tanga ni saa 9 usiku, au saa 8 usiku katika miezi ambayo wenzetu wamesogeza saa zao mbele. Huna haja ya kukesha, ila kama una bando la usiku, pakua alfajiri kabla halijafunga. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, nao tangu Machi 2020 wana Ijumaa maalumu ambazo huacha kukata fungu lao ili pesa iende kwa msanii na lebo. Siku hiyo huhesabiwa kwa saa za California, kwa hiyo kwetu inaanza saa 4 au saa 5 asubuhi, kutegemea majira ya kule. Ukinunua saa 2 asubuhi ukidhani umewahi, umewahi mno.

Bando lina hesabu yake. Wimbo wa dakika 5 kwa WAV, faili isiyobanwa, ni karibu MB 50. Wimbo huohuo kwa MP3 ya kbps 320 ni MB 12. Kwa jukwaa la kawaida la hapa kwetu, MP3 ya 320 inatosha kabisa. Usichofanya ni kunyofoa wimbo kutoka kwenye video ya mtandaoni kisha ukaugeuza kuwa 320. Faili itakuwa kubwa, lakini matoazi yatasikika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, na kwenye spika kubwa kila mtu atasikia. Programu ya bure iitwayo Spek inakuonyesha: MP3 halisi ya 320 hupanda hadi karibu kHz 20 (Hz 1 ni mtetemo mmoja kwa sekunde, kHz 1 ni mitetemo 1,000), wakati ile ya kudanganya mara nyingi imekatwa kama kwa kisu kwenye kHz 16.

Usikilizaji wa kwanza ufanye kwa hedifoni. Spika ya simu haifai hapa. Besi ya muziki huu inalala kati ya Hz 40 na 60. Wimbo ulioandikwa kwenye F una noti ya chini ya Hz 44 hivi, wa G Hz 49. Spika ya simu haifiki huko hata kidogo, kwa hiyo utautupa wimbo mzuri ukidhani hauna kitu, na utauchukua mbovu kwa sababu tu ya kelele zake za juu.

Sasa kuhesabu, na hapa tutakaa, maana ndipo wengi wanapokwama. Nyimbo nyingi za leo ziko kati ya BPM (mapigo kwa dakika) 172 na 176, na 174 ndiyo ya kawaida zaidi. Mapigo 4 ni kipimo kimoja. Vipimo 16 tuviite fungu. Kwa BPM 174 fungu moja ni sekunde 22, mafungu 2 ni sekunde 44, mafungu 4 ni dakika 1 na sekunde 28. Watunzi wengi hubadilisha kitu kila fungu linapoanza: toazi linaingia, sauti inatoka, besi inageuka. Ukiwa na namba hizi kichwani, kuitazama saa ya wimbo kunakuambia uko wapi.

Chukua daftari. Kwa kila wimbo mpya andika utangulizi una vipimo vingapi kabla ya dropu, yaani pale ngoma na besi zinapoingia kwa nguvu zote, dropu ya kwanza inadumu vipimo vingapi, pumziko la katikati, dropu ya pili, na mkia. Utakuta mpangilio kama huu mara nyingi: 32, 64, 32, 64, 32. Jumla vipimo 224, yaani dakika 5 na sekunde 9. Ukishaandika hivyo, kuunganisha kunakuwa hesabu ya kutoa. Tuseme unataka dropu ya wimbo wa pili iangukie pale dropu ya wimbo wa kwanza inapokwisha. Utangulizi wa wa pili ni vipimo 32, basi wimbo huo wa pili uanzishe wakati dropu ya wa kwanza imebakiza vipimo 32. Utangulizi ukiwa 64 na dropu hiyo nayo ni 64, vianze pamoja. Ukitaka dropu mbili zianguke kwa wakati mmoja, mtindo ambao dijei Andy C wa lebo ya RAM Records anasifika nao kuliko wengi, hesabu ni ileile: tofauti ya tangulizi mbili ndiyo muda wa kusubiri. Lakini dropu mbili kwa pamoja zinakubaliana tu kama mmoja wa nyimbo hizo una nafasi ndani yake. Besi mbili zilizojaa zikipandana hutoa fujo.

Shida ni kwamba baadhi ya nyimbo huchezea mpangilio huo. Kuna zinazoongeza vipimo 8 vya ukimya na sauti ya mtu kabla ya dropu. Usipojua, dropu itachelewa kwa sekunde 11, na kwenye uwanja wa kuchezea sekunde 11 za bure watu wanaenda kununua maji. Kwa hiyo alama ya kuanzia usiiweke mwanzo wa faili. Iweke kwenye dropu yenyewe, kisha rudi nyuma vipimo 32 na uweke ya pili. Hiyo ya pili ndiyo utakayoanzia. Vipimo vya ziada vitakuwa tayari vimo kwenye hesabu.

Programu nyingi za kudijei zikiusoma wimbo wa 174 huandika 87. Kwenye mipangilio chagua masafa ya 98 hadi 195 kabla ya kuzichambua nyimbo. Kisha yarudishe, la sivyo bongo fleva yako ya 92 itasomwa 184 na utajikuta unahangaika nayo usiku. Nyimbo za jungle za zamani zina matatizo zaidi. Nyingi ziko kati ya 160 na 168, na kuupandisha wimbo wa 160 hadi 174 ni kuongeza asilimia 8.75, wakati vifaa vingi vimewekwa kuishia asilimia 6 au 8 mpaka ubadilishe masafa yake. Ukifunga kii (kimo cha sauti ya wimbo) ili sauti isipande, ngoma huanza kulegea kingo. Afadhali ushushe seti yote hadi 170 kidogo kidogo kabla ya kuileta jungle, kuliko kuivuta jungle peke yake.

Kitufe cha kulinganisha kasi chenyewe hakina ubaya, ila kinaamini kile programu ilichosoma. Ikisoma vibaya kwa nusu BPM, baada ya vipimo 32 nyimbo zitakuwa zimeachana kwa milisekunde 127, wakati robo ya pigo ni milisekunde 86 tu. Hapo ndipo unaposikia farasi wawili wanaokimbia bila kufuatana. Hata kosa la BPM 0.1 linaachanisha milisekunde 25 kwa muda huohuo, na sikio lililozoea hulinasa kwenye snea, ile ngoma yenye mlio mkali. Kwa hiyo kila wimbo mpya uchezeshe na kibofyo cha programu, ile sauti ya tik tik inayohesabu mapigo, kutoka dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiona kibofyo kimehama mwishoni, rekebisha gridi, yaani mistari ya mapigo ambayo programu imeuchorea wimbo, siku hiyo ya Ijumaa.

Kuhusu besi kuna kanuni moja tu: besi moja kwa wakati mmoja. Wimbo unaoingia uingie na kitufe chake cha besi kikiwa kimezungushwa hadi chini kabisa. Pigo la kwanza la fungu jipya likifika, shusha besi ya unaotoka na upandishe ya unaoingia kwa mkono mwingine, papo hapo. Sababu si ladha tu. Besi ya Hz 44 na ya Hz 49 zikipiga pamoja huzaa mtikisiko wa mara 5 kwa sekunde; mara zinajumlishwa, mara zinafutana. Mtu aliye mbele anasikia kifua kinapigwa kisha kimya, na amplifaya inakatika kwa kulemewa kwenye vilele. Wanaoanza wakisikia hivyo huongeza sauti, na hapo ndipo sabwufa za kukodi huungua. Taa za mikisa zibaki kijani. Nyekundu ikiwaka kila pigo, punguza geini (nguvu ya sauti inayoingia) ya chaneli. Kitelezi kikuu kiache.

Ukiwahi kufika, uliza sabwufa zinashuka hadi wapi. Seti nyingi zilizotengenezwa kwa shughuli za harusi zina nguvu kuanzia Hz 60 kwenda juu. Kwenye seti hiyo wimbo wenye besi ya Hz 41 utasikika mtupu, wakati wimbo wa mitindo ya jump up au neurofunk, wenye besi inayokwaruza katikati, utajaa. Daftari lako liwe na safu ya pili inayosema besi ya wimbo iko chini au katikati.

Pwani ina adui wake, nao ni chumvi. Plagi za waya huota kutu ya kijani, na sauti ya upande mmoja hupotea katikati ya seti. Beba spirei ya kusafishia viunganishi vya umeme, futa plagi kabla ya kuchomeka, na hifadhi kontrola kwenye sanduku lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Mngurumo wa chini usioisha kwa kawaida ni umeme, ambao hapa ni Hz 50, palepale besi yako ilipo. Chomeka kompyuta, mikisa na amplifaya kwenye chanzo kimoja cha umeme. Mngurumo ukiisha ulipochomoa chaja ya kompyuta, umempata mhusika. Usikate waya wa ardhi kwenye plagi hata ukishauriwa na fundi gani. Waya huo ndio unaokulinda usipigwe na umeme. Flashi ziwe 2 zenye nyimbo zilezile, zimefomatiwa FAT32, maana mashine nyingi za zamani hazisomi exFAT.

Watu wa Tanga wana masikio ya ngoma. Baikoko ni ya hapa, na singeli, ambayo hupita BPM 200 bila wasiwasi, inachezwa na watoto wa shule, kwa hiyo kasi haimtishi mtu. Kinachowapoteza ni kutojua mguu uangukie wapi. Waingize kupitia nusu: reggae au hip hop ya BPM 87 inakaa sawasawa ndani ya 174, kwa kuwa ni nusu yake kamili. Piga mbili za namna hiyo, lete liquid yenye mwimbaji juu yake, waache wapate mafungu 4 ya kuzoea, ndipo uzidishe uzito. Neurofunk saa 10 jioni ufukweni ni kuwafukuza.

Ukirekodi miksi, lenga dakika 60. Nyimbo 25 hadi 35 zinaingia bila kukimbizana. Rekodi kilele kikiwa −6 dB, kisha pandisha baadaye kwenye programu. Kilichorekodiwa kikiwa kimepasuka hakitibiki. Ipandishe Mixcloud, kwa kuwa wana makubaliano ya haki na hulipa wenye nyimbo. Kwingine miksi inaweza kuondolewa usiku uleule. Andika orodha kamili: dakika, msanii, wimbo, lebo, mwaka. Wimbo ambao bado haujatoka na umetumiwa na msanii mwenyewe, muulize kwanza kama jina lake liandikwe.