Unajiandaa na mtihani wa signali za reli? Shika penseli kwanza

Wadau, wengi mnaniuliza msome nini ili mpite mtihani wa IRSE, ile taasisi ya wahandisi wa signali iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1912. Jibu langu ni lilelile kila siku, punguza kusoma ongeza kuchora na kupiga hesabu kwa mkono. Maandishi ya kusoma ni mengi mno na yatakumalizia muda wote, halafu unaingia chumbani unapewa ramani ya steshini usiyoijua na unaambiwa weka signali, hapo ulichokariri hakikusaidii kama hujui kwa nini signali inakaa pale inapokaa.

Anzia kwenye breki. Treni ya kilomita 120 kwa saa ni kama mita 33 kwa sekunde, ukichukua breki ya 0.5 m/s² inataka mita 1,111 hivi kusimama, ila ikiwa kwenye 60 inataka 278 tu, yaani mwendo nusu, umbali robo. Ipige mwenyewe hiyo hesabu mpaka ikukae mkononi, maana ndiyo inayokuambia njano ikae mbali kiasi gani na nyekundu.

Halafu nenda kwenye hedwei, yaani nafasi kati ya treni na treni. Kwa signali za rangi tatu (kijani, njano, nyekundu), ili dereva wa nyuma aendelee kuona kijani unahitaji umbali wa breki mara mbili, ujumlishe umbali wa kuiona signali, ovalapu (nafasi ya usalama inayoachwa wazi baada ya signali nyekundu), na urefu wa treni ya mbele. Chukua mita 200 za kuona, ovalapu ya mita 180 kama wanavyotumia Uingereza, na treni ya mita 200, unapata kama mita 2,800, ambazo kwa mwendo ule ni sekunde 84. Ukienda rangi nne, yaani ukiongeza njano mbili kabla ya njano moja, signali zinakaribiana, unahitaji breki moja na nusu badala ya mbili, inashuka mpaka kama sekunde 67. Sasa swali likikuambia treni zipite kila baada ya dakika mbili, rangi tatu zinatosha, ukiweka rangi nne njia nzima ujue umemuongezea mteja gharama bure, na msahihishaji ataliona hilo. Mimi sehemu hii naipenda kuliko zote kwa kweli, ndipo unapoanza kufikiri kama mhandisi.

Kwenye leiauti, yaani ule mchoro wa steshini unaowekea signali, soma kwanza treni zinataka kufanya nini, zipi zinageuza, zipi zinapitana, wapi mabehewa yanalazwa. Penseli baadaye. Dhana yoyote unayoichukua iandike pembeni, kwa mfano urefu wa treni kama hawajautaja.

Jedwali la udhibiti, yaani orodha ya masharti ya kutimia kabla signali haijaruhusu treni kupita, linachosha lakini usilikwepe. Chagua ruti moja tu (njia ya treni kutoka signali moja hadi nyingine) kwa siku ujiulize: pointi zipi (reli zinazohama kugeuza treni) zifungwe na upande gani, saketi zipi za njia (za umeme, zinazoonyesha kama kuna treni) ziwe wazi, ruti zipi zinazogongana nayo zizuiwe, na treni ikishakaribia halafu mtu wa signali akafuta ruti, pointi zibaki zimefungwa mpaka lini? Hilo la mwisho watu wengi wanalipita haraka sana.

Upande wa upimaji na usimamizi, soma vizuri ajali ya Clapham Junction ya Desemba 1988. Watu 35 walikufa kwa sababu waya wa zamani uliachwa ndani ya nyumba ya relei (swichi za umeme zinazoendesha signali) haukukatwa vizuri, ukagusa pale ulipokuwa zamani, signali ikashindwa kurudi nyekundu wakati treni ipo mbele, na hakuna mtu mwingine aliyehesabu zile nyaya kwa kujitegemea. Ukiielewa hiyo kwa undani, maswali ya nani akague na kwa nini asiwe yuleyule aliyefunga utayajibu kwa moyo kabisa.

Tafuta mhandisi mzoefu akusahihishie, na mpe karatasi uliyofanya kwa saa, siyo ile uliyoipamba wiki nzima. Mtihani huwa Oktoba kwa hiyo mtafute mapema mwaka, ukimfuata Septemba utakuta wenzako wameshamjazia meza.