Flashi ina nafasi, lakini inakataa

SWALI: Shikamoo fundi. Flashi yangu ya zamani ya GB 2 imegoma baada ya kaswida 85, na zaidi ya GB 1 iko tupu. Kila faili nimeandika msomaji, madrasa na mwaka, kama herufi 60. Imeharibika? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Ni nzima. Imefomatiwa kwa FAT16, mfumo wa zamani wa kupanga faili, na nje ya folda orodha yake ya majina ina mistari 512 tu. Jina refu hula mstari kwa kila herufi 13, na mmoja zaidi wa jina fupi ambalo kompyuta huliweka yenyewe: yako hula sita. Sita mara 85 ni 510! Hamishia kaswida moja kwenye kompyuta ili mistari ipatikane, tengeneza folda, zitie zote humo. Ndani ya folda orodha hurefuka. Majina usiyakate, tafadhali. Wajukuu watataka kujua nani alisoma.